Pazia la Daktari Wafula

Kama wewe ni mama mwenye wajukuu, na umeanza kusoma haya huku ukiangalia kama kuna mtu anakuona, soma tu. Mimi pia ningesoma hivyo. Shule yangu iliishia darasa la nane na maneno ya hospitali siyajui, kwa hiyo sitakufundisha ugonjwa. Nitakuambia jinsi ulivyonipata nikiwa nyanya, jinsi nilivyoona aibu, na jinsi aibu hiyo nusura imfanye mtu mwema azikwe kama mtu wa kufichwa.

Ninaishi upande wa Bumula. Kazi yangu ni kufuma sweta za shule kwa mashine. Bwanangu, Wanyonyi, alifariki miaka kadhaa iliyopita. Tuliambiwa ni kifua. Kaburi lake liko mbele ya nyumba, na kila Jumamosi nilikuwa naling'olea majani na kupangusa msalaba. Watoto wameolewa na kuoa, isipokuwa wa mwisho, Metrine, ambaye alirudi nyumbani na mtoto wake. Ndiye ninayekaa naye.

Daktari wa familia yetu ni Wafula. Ana kliniki mjini Bungoma, mlango unaofuata duka la vitambaa la Wahindi. Wajukuu wangu wote wamechomwa sindano hapo. Dada zangu wanatibiwa hapo. Bwanangu peke yake ndiye hakuwa mtu wake, kwa sababu kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa na zahanati yake. Ukiumwa kwetu husemi unaenda hospitali, unasema unaenda kwa Wafula.

Lakini Wafula amemwoa Nanjala, mtoto wa dada yangu mkubwa. Kwetu Wabukusu mtoto wa dada yangu ni mtoto wangu, kwa hivyo Wafula ni mkwe wangu. Mkwe na mama mkwe hawashikani mkono. Hawakai karibu, hawali sahani moja, na wakikutana njiani kila mmoja anapinda upande wake. Sasa fikiria mtu huyo ndiye wa kukuuliza mambo ya mwili wako. Kwenda kwa daktari mwingine nako kungekuwa matusi. Watu wangeuliza kwa nini mama anamkimbia mtoto wake.

Basi tulitafuta njia yetu. Chumba chake cha kutibia kina pazia la kijani. Siku niliyokwenda mimi, Wafula alikaa nyuma ya pazia na meza yake, mimi nikakaa upande wa pili na Sista Jentrix, nesi wake.

"Sista, muulize mama kama kichwa kinauma," Wafula alisema.

Sista Jentrix alinigeukia, ingawa nilikuwa nimesikia kila neno. "Mama, daktari anauliza kama kichwa kinauma."

"Mwambie kinauma kidogo asubuhi."

"Daktari, ati kinauma kidogo asubuhi."

"Nimesikia. Muulize kama anakunywa dawa ya presha kila siku."

"Mwambie nakunywa."

"Daktari, mdomo unasema anakunywa. Uso sijui."

Tulicheka sote watatu, yeye huko kwake nyuma ya pazia. Hivyo ndivyo nilivyotibiwa presha, malaria na goti kwa miaka mingi. Hakuna aliyeona ubaya. Watu walimsifu Wafula kwamba amesoma lakini hajatupa heshima.

Sasa lazima nimtaje Simiyu, na hapa ndipo kalamu inakuwa nzito.

Kitale kuna baridi, na shule za huko hununua sweta nzito. Nilikuwa nikipeleka mzigo kila muhula. Siku moja kile kipande kinachoteleza juu ya sindano za mashine yangu kilikwama, na mwalimu mmoja akanielekeza kwa fundi. Fundi alikuwa mzee mmoja aliyefiwa na mke, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya. Alikuwa na chumba cha kazi mbele na chumba cha kulala nyuma. Aliifungua mashine, akaipulizia, akasema, "Mama, hii haijafa. Imechoka tu, kama sisi."

Nilicheka. Nilikuwa sijacheka na mwanaume tangu msiba. Mashine ile ikaanza kuharibika mara kwa mara, na mara nyingine nilikuwa ninaiharibu mwenyewe. Sitaeleza zaidi ya hapo. Mtu mzima ataelewa. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na nyumbani nilikuwa na kaburi la kupangusa.

Msimu mmoja wa kupanda mahindi niliamka na moto ubavuni. Malengelenge yalitoka kama mstari kutoka mgongoni hadi mbele. Nikaenda kwa Wafula. Sista Jentrix aliinua blauzi yangu.

"Daktari, huu ni mkanda wa jeshi. Heri ungeuona mwenyewe."

Nyuma ya pazia Wafula akauliza, "Umeanzia wapi?"

"Mgongoni, upande wa kulia, mpaka chini ya titi."

Wafula alikohoa. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Neno hilo kutajwa mbele ya mkwe wangu liliniuma kuliko malengelenge. Hakufungua pazia. Aliandika dawa za kumeza na ya kupaka, nikaenda nyumbani.

Kwenye benchi la kusubiri, juu ya kichwa changu, kulikuwa na picha ya kijana na msichana wakitabasamu, chini yake imeandikwa kwamba kupimwa ni maisha. Nimekaa chini ya picha hiyo mara nyingi sana. Siku zote niliona ni ya watoto wetu. Nafikiri hata Wafula aliona hivyo. Kama ningekuwa msichana, na huo mkanda mwilini, siku ile ile ningepimwa. Lakini nani anamuuliza mama mkwe wake kama analala na mtu?

Mahindi yalipofika magotini, mkanda ulikuwa umekauka na kuacha makovu meusi, lakini mwili ulikuwa unakwisha. Mimi hupima watu kwa sweta, ndiyo kazi yangu. Siku moja nilijaribu sweta ya msichana wa darasa la nane, ikaniingia, na mabegani ikabaki nafasi. Shuka langu lililowa jasho kila nilipolala. Nywele zilibaki kwenye kitana. Mdomo ulijaa utando mweupe, ugali ukawa kama mchanga. Nilikuwa natafuna, kisha nageuka na kutema kwenye jivu ili mjukuu asione.

Metrine aliona. "Mama, twende maombi. Kuna mtu anakumaliza."

"Ni presha."

"Presha haili watu hivi."

Kila alipokazana nilikasirika, nikamwambia kwamba mwanamke aliyerudi kwao hana wa kumfundisha. Niliona haya kwa neno hilo hata kabla halijamaliza kutoka mdomoni.

Ilikuwa Agosti. Barabarani vijana walikuwa wanapita wakicheza, njuga zinalia, wanaalika ndugu kwa sherehe za tohara. Mimi na Metrine tulipishana nao tukienda mjini, nikimwegemea yeye begani. Kliniki ilikuwa imejaa. Mwanamke mmoja niliyemfahamu wa Myanga alisogea kwenye benchi kunipa nafasi, kisha akaendelea kusogea mpaka nikaelewa kwamba hanipi nafasi tena, ananikimbia.

Ndani, Sista Jentrix alinifungua mdomo akamulika tochi. Alikwenda nyuma ya pazia. Nikasikia wakinong'ona. Halafu nikaona vidole vya Wafula vinashika ukingo wa pazia, likafunguka.

Nilijifunika uso kwa leso. Yeye alivuta kiti akakaa mbele yangu, magoti yake karibu na yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Mama, leo nitakosa adabu," alisema. "Nisamehe kabla sijaanza."

Niliivuta leso zaidi.

"Tangu mzee aondoke, kuna mtu?"

"Hakuna," nilisema ndani ya leso.

"Sawa. Nataka tupime damu. Ilitakiwa nikupime ulipokuja na ule mkanda. Nilikuonea haya, na haya yangu ndiyo imekufikisha hapa. Hilo ni langu, si lako."

Sista alinitoboa kidole. Tulisubiri. Mtu atakuambia kusubiri kule ni kufupi. Mimi nilipata muda wa kusikia kila kitu kilichopita nje, mpaka mtu wa duka la vitambaa akibishana na mteja kuhusu bitana. Mistari ikatoka miwili. Wakarudia kwa kipimo kingine, ikatoka tena.

Wafula alinieleza mambo ya dawa, kwamba ni kidonge kimoja kila siku, kwamba nitanenepa, kwamba nitalea wajukuu. Nilisikia nusu. Kisha akainama, akaongea polepole.

"Mama, nauliza tena. Siulizi ili nijue mambo yako. Kama kuna mtu, huyo mtu pia ana damu. Labda bado ni mzima. Kama ni mzima, kuna dawa ya kumkinga abaki mzima. Lakini siwezi kumkinga mtu nisiyemjua."

Niliishusha leso nikasema, "Yuko Kitale."

Nilisikia Sista Jentrix akivuta pumzi. Wafula hakushtuka, au alijizuia. "Basi mlete," alisema, kama vile nimetaja mtoto mwenye homa.

Nilikwenda Kitale na hasira. Njiani nilikuwa nimeshapanga yote. Ni yeye. Ni nani mwingine? Kabla yake nimejua mwanaume mmoja tu maisha yangu yote, na yule amelala chini ya msalaba ninaoupangusa. Nilimkuta Simiyu ameinamia mashine, sindano zimepangwa kwenye gazeti. Sikumsalimia.

"Umeniua," nilimwambia.

Alivua miwani. "Nimekuua na nini?"

Nikamwambia. Nilisema mengine ambayo sitayaandika, kuhusu wanawake wa mjini na wazee wasio na haya. Alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi. Alikuwa ameshika sindano moja ya mashine, anaizungusha.

"Huyo daktari wako yuko leo?" aliuliza.

"Yuko."

"Twende. Kama ni mimi, nijue nimekuua. Kama si mimi, pia nijue." Alivaa koti, akafunga mlango, kisha akaufungua tena. "Ngoja. Huyo si ndiye mkwe wako?"

"Ndiye."

"Siwezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu."

Na kweli, alipita kwa jirani akanunua jogoo. Tulifika kwa Wafula na jogoo amefungwa miguu ndani ya kikapu. Tulikaa benchi moja, mimi huku, yeye kule mwisho, kama watu wasiojuana. Jogoo akawika. Wagonjwa wote wakacheka, isipokuwa sisi wawili. Sista Jentrix alitokea mlangoni akaita, "Mwenye jogoo aingie. Na wewe mama pia, si unajua unamjua." Hata leo nikikumbuka nashindwa kujua kama nicheke au nijifiche.

Simiyu alikuwa mzima.

Walimpima, na mwisho Wafula akasema arudi apimwe tena baada ya wiki kadhaa, maana mapema mara nyingine virusi havionekani. Alirudi. Alikuwa mzima tena. Siku hiyo ya kwanza alikuwa amekunja mkono wa shati, ananitazama, na hasira yangu yote haikuwa na mahali pa kukaa. Nilikuwa nimemtukana mtu asiye na kosa. Na yule ambaye huenda alikuwa nalo, sikuweza kumuuliza.

"Mzee, wewe pia utameza dawa," Wafula alimwambia. "Moja kila siku, mpaka virusi vya mama vishuke visionekane."

"Dawa ya nini na mimi si mgonjwa?"

"Ndiyo maana. Ni ya kukukinga usiwe mgonjwa."

Simiyu alifikiri. "Kama kupaka mashine mafuta kabla haijashika kutu."

"Kama hiyo."

"Basi leta. Na jogoo mnamweka wapi?"

Wafula alimtazama jogoo, akanitazama mimi. Wazee wetu wanakubali kwamba mkwe na mama mkwe wakipeana kitu kwa heshima, ile aibu inalegezwa kidogo. Alisimama akampokea kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo tukaongea bila sista kuwa katikati. Lile pazia sasa linafunika kitanda tu, si yeye. Nanjala ameniambia kwamba kila mama anayeingia pale na presha au kisukari anaulizwa swali lile nililoulizwa mimi, awe mke wa mchungaji, awe nani. Wengine hutoka wamekasirika. Wengine hukaa.

Nilianza dawa mahindi yakiwa yanavunwa. Wiki za kwanza kichwa kilikuwa kama kimejaa uzi uliotatizika, na ndoto zilikuwa wazi mno. Kopo la vidonge lililia kila nilipolisogeza, kwa hiyo nilijaza pamba ndani lisipige kelele. Nilimfundisha Simiyu naye aweke pamba. Makopo yetu yalifanana, meupe yote. Dawa nilichukua hospitalini Kitale, ambako hawanijui, na kila nilipokaa kwenye benchi la huko nilitazama mlango, nikiogopa ataingia mtu wa Bumula. Siku moja aliingia kweli, mama mmoja wa kwaya. Tulitazamana. Akaja akakaa kando yangu, akatoa ndizi kwenye mkoba, akakata nusu akanipa. Hatukuongea. Hatujawahi kuongea juu ya siku hiyo.

Kaburi la Wanyonyi nililiacha. Majani yalikua mpaka yakafunika saruji.

"Mama, mbona Baba umemwacha hivyo?" Metrine aliniuliza.

Nilimwambia yote, pale pale tukiwa tumesimama. Nilianza na ugonjwa, na alinishika mkono, akalia, akasema yeye alishajua, alikuwa anangoja niseme. Kisha nikamwambia kuhusu Simiyu. Akauachilia mkono.

"Ugonjwa naelewa, Mama," alisema. "Lakini mwanaume? Na wewe ni nyanya?"

Kwa muda mrefu aliniwekea chakula mezani bila kuniita. Hakunitenga kwa kuogopa ugonjwa. Alikuwa anakunywa kwenye kikombe changu. Alinitenga kwa sababu ya Simiyu. Siku moja nilimkuta kaburini na jembe, anapalilia peke yake. Niliinama nikasaidia. Hatukumsema vibaya baba yake. Labda naye hakujua. Labda aliona aibu kama yangu, akaenda nayo. Nimemlilia upya, na mara hii sikuwa na mtu wa kunipa pole, kwa sababu kwa watu msiba ule ulikwisha zamani.

Simiyu alikuwa ananipigia simu kila jioni, wakati kuku wanaingia.

"Umemeza?"

"Nimemeza. Na wewe?"

"Yangu iko mkononi. Haya, shuhudia." Nilikuwa nasikia maji yakimteremka kooni.

Nyama ikarudi mwilini. Sweta ya darasa la nane ikakataa kupita mabegani. Nilimfumia Simiyu sweta ya maruni kwa uzi uliobaki wa shule moja, na shingoni nikakosea mshono. Alikataa niufumue. Mvua zilirudi, tukapanda tena, tukavuna tena, na siku moja Wafula alitazama majibu yangu akasema virusi havionekani, na kwamba sasa siwezi kumwambukiza mtu. Alimgeukia Simiyu. "Mzee, ya kwako sasa unaweza kuacha."

"Na yeye ataacha?"

"Hapana, yake ni ya siku zote."

"Basi nikiacha, atakuwa anameza peke yake." Alitazama sakafu. "Niache niendelee naye kidogo."

Wafula alimpima figo, akamruhusu.

Simiyu alitaka kumwambia binti yake, Phanice, kuhusu mimi. Alisema watoto wake ni watu wazima, wataelewa. Nilimsihi asiseme. Nilimwambia subiri kwanza, subiri Metrine atulie, subiri krismasi ipite. Alisubiri.

Katika mwezi wa baridi, jioni moja simu haikulia. Nilipiga, haikushikwa. Asubuhi nilipiga tena, akashika mwanamke.

"Huyu ni nani?"

"Mimi ni... mteja wa mashine."

"Baba ametuacha," alisema. "Jana. Alianguka hapo kazini. Wamesema ni mshipa wa kichwa."

Nilimshukuru kwa kunijulisha, nikakata simu, nikaendelea kufuma. Nilifuma mkono mzima wa sweta bila kujua ni wa saizi gani.

Siku ya mazishi nilikwenda kwao, nje ya mji wa Kitale. Metrine aliniambia, "Vaa ile nguo nyeusi, Mama," na akanipa nauli bila kuombwa. Hilo tu. Niliona ni kubwa. Kule nilijiunga na akina mama waliokuwa wanachambua mboga nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Katika msiba mikono haiulizwi.

"Ati walipata kopo," mmoja alisema.

"Kopo la nini?"

"Si zile dawa. Chini ya mto. Na pamba imejazwa ndani zisilie, bana. Fundi alikuwa anaficha."

"Ndiyo maana jeneza halifunguliwi?"

"Watoto wamekataa. Wanataka azikwe haraka, watu waende. Ningekuwa mimi, ningeficha pia."

"Na vile alikuwa mzee mpole."

"Hao wapole ndio wabaya."

Niliweka mboga chini. Pamba ile niliikata mimi kwa makasi yangu. Nilitoka nikaenda nyuma ya kibanda cha ng'ombe, nikampigia Wafula, nikamweleza.

"Waambie," nilimwomba. "Wewe ni daktari, watakuamini."

"Mama, siri ya mgonjwa siwezi kuitoa, hata akiwa amekufa. Mimi nimefungwa mdomo. Wewe hujafungwa. Lakini ukisema lake, utakuwa umesema na lako."

"Najua."

"Sikusukumi, Mama."

"Najua hunisukumi."

Nilisimama pale nikimtazama ng'ombe akicheua. Nilimfikiria mwenyekiti wa akina mama wa Bumula, ambaye ni mimi. Nilifikiria jinsi Kitale na Bungoma zilivyo karibu, na habari haina miguu ya kuchoka. Kisha nikafikiria Simiyu ndani ya sanduku lililopigwa misumari kwa ajili ya ugonjwa ambao hakuwa nao, aliokingwa nao vizuri kwa miaka yote hiyo.

Phanice alikuwa ndani ya nyumba, amekaa sakafuni na mashangazi. Niliomba niongee naye. Tulikwenda chumba cha pembeni.

"Mimi ndiye mteja wa mashine," nilisema.

Alinitazama. Macho yalikuwa ya baba yake bila miwani.

"Hizo dawa mlizopata hazikuwa za mgonjwa. Zilikuwa za kumkinga. Baba yako hakuwa na virusi. Alipimwa mara nyingi, nilikuwepo. Alikuwa anakingwa asivipate kutoka kwangu. Mimi ndiye niliye navyo."

Niliyasema nimeinamisha kichwa. Nilingoja kofi, au kelele. Nje watu walikuwa wanajaribu kipaza sauti.

"Kwa hivyo Baba alikuwa mzima," alisema.

"Alikuwa na presha tu. Na ubishi."

Mdomo wake ulicheza, kama mtu anayetaka kucheka na kulia na hajachagua. Alinitazama kuanzia miguuni mpaka kwenye kitambaa cha kichwa. "Ni wewe ulifuma ile sweta ya maruni, ya shingo imepinda?"

"Ni mimi."

"Tulimwambia aitupe, ni kama ya mwanafunzi. Akakataa." Hakunishika mkono. "Unaweza kurudia hayo maneno mbele ya ndugu zangu?"

Nilirudia. Walikuwa wanaume watatu. Mmoja aliniuliza nina miaka mingapi, si kwa kutaka kujua. Mmoja alitoka nje na hakurudi mpaka nilipoondoka. Wa tatu, mkubwa wao, alikaa kitandani akashika kichwa, akarudia mara mbili, "Na sisi tukapigilia misumari." Mashangazi walikuwa mlangoni, wamesikia yote. Kufikia wakati ninakwenda kukaa kwenye hema la waombolezaji, akina mama wa mboga walikuwa wamesikia pia. Nafasi ilikuwa wazi kulia kwangu na kushoto kwangu. Sikuinuka.

Kisha yule mkubwa alisimama mbele ya watu akasema familia imebadilisha mpango, jeneza litafunguliwa, wanaotaka kumuaga Mzee wapange mstari. Hakutoa sababu. Akaomba mtu alete bisibisi, na nyundo.

Nilipanga mstari nyuma ya watu wote. Mbele yangu nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Mbona amependeza." Zamu yangu ilipofika niliona amevishwa koti, na chini ya koti ile sweta, mshono wangu uliokosea uko pale shingoni. Miwani ilikuwa mfukoni, waya wake unaonekana. Sikuwa mke, kwa hivyo sikusimama zaidi ya wengine. Watu walikuwa wananitazama mimi kuliko walivyomtazama yeye. Niliona aibu mwili mzima, lakini niliuona uso wake.